Doa la Chai Lililotoweka

Fundi mapazia alikuwa na miaka arobaini na ushee, wala hakuona haya kusema kwamba anampenda Tunutunu, yule mnyama wa katuni mwenye gamba la kobe na mkia wa kindi. Kadi zake alianza kuzikusanya kabla hajaolewa, enzi zile zikitoka ndani ya pakiti za biskuti. Wenzake kiwandani walimbandika jina la Mama Tunu, hata wageni wakawa wanamuuliza kama mtoto hajambo.

Albamu ilikaa kwenye kabati la sebuleni. Jumapili moja aliifungua, akasita kwenye kadi ya Tunutunu anayepiga chafya. Ilikuwa na doa pembeni, la chai aliyoimwagia mwenyewe zamani. Sasa haikuwa nalo.

"Umegusa albamu yangu?" alimuuliza mumewe.

"Mimi? Ya nini?"

"Doa limetoka."

"Si ndiyo vizuri? Madoa mengine hutoka yenyewe."

"Kadi si shuka, baba."

Macho yakamwendea wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuja kukaa nao akitafuta kazi. Ndiye aliyekuwa akimcheka kila albamu ikitolewa. Tangu siku hiyo wifi hakufanya jambo likaonekana jema. Akifagia sebule, mbona anakawia pale kabatini? Akitoka, mbona mkoba umetuna? Hata akimletea chai, Mama Tunu alijiuliza anabembelezwa kwa lipi.

Akalitia kabati kufuli. Ufunguo mmoja akautumbukiza kifuani, wa pili akamkabidhi baba mkwe wake, mlinzi mstaafu aliyeishi nao na kuziita zile kadi karatasi za watoto. Kama kuna mtu mle ndani asiyeweza kushukiwa, ni yeye.

Haikupita wiki, kadi ya Tunutunu mwenye kofia ya mvua, iliyokuwa imekunjika kona miaka yote, ikakutwa imenyooka.

Wifi alipoingia kuoga, Mama Tunu aliupekua mkoba wake. Vyeti, kitana, kipande cha mkate. Aliufunga, lakini shaka haikumtoka, ilizidi. Basi kadi zangu halisi anazificha wapi?

Siku umeme ulipokatika kiwandani alirudi nyumbani mchana. Mlangoni palikuwa na viatu asivyovijua. Akanyata. Sebuleni baba mkwe alikuwa na albamu mapajani, na mbele yake ameketi kinyozi wa mtaani, kadi zimetandazwa mezani.

"Baba?"

Mzee alishtuka, kisha akajikaza. "Mwanangu, nilitaka kukufurahisha. Zako zimechakaa, na huyu bwana anazo mpya. Tunabadilishana kidogo kidogo."

Mama Tunu hakujua acheke au alie. Akamgeukia kinyozi. "Wewe unatoa mpya, unachukua chakavu. Unapata nini?"

"Ah, mama, namsaidia tu mzee."

"Unamsaidia." Aliokota moja mezani, akaipinda. Laini, kama karatasi ya risiti. "Hizi umezichapisha wapi?"

Kinyozi akainuka kutafuta viatu vyake.

"Kaa!" Mzee alitoa sauti iliyomlisha miaka yote ya lindo, na kinyozi akakaa. Ikabidi aseme: kadi za zamani hazitolewi tena, na kuna watu wanazitafuta kwa udi na uvumba. Wakaandamana naye hadi saluni. Ile ya kofia ya mvua ilikuwa bado kwenye droo ya mikasi. Ile ya chafya alikwisha kuiuza, hata mnunuzi hamjui.

Waliporudi, mzee aliuweka ufunguo mezani bila kuombwa.

Jioni Mama Tunu alimfuata wifi yake jikoni. "Wifi, nisamehe. Nilikuwa nakudhania vibaya."

"Najua. Kitana ulikirudisha mfuko usio wake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe," wifi alisema, akiendelea kuosha vikombe. "Nilidhani unanitafutia sababu ya kunifukuza. Kila usiku nilikuwa nalala na vyeti chini ya mto."