Wingu Juu ya Habaswein

Mwanangu, kuna asubuhi moja bado naiona mbele ya macho. Nilikuwa msichana mgeni ofisini Nairobi, kazi yangu kutazama picha za setilaiti na kusema hewa ya kila wilaya ikoje. Msichana wa Habaswein na setilaiti! Niache niringe kidogo, nastahili.

Siku hiyo juu ya kwetu kulikuwa na doa jeupe, zito. Kompyuta ililiita wingu, na mawingu hufutwa pichani kabla ya kupima hewa. Lingefutwa, redio ingetangaza kwamba hewa ni safi, na mama yangu mwenye pumu angetoka na mbuzi kama kawaida.

"Hili si wingu," nikamwambia mkuu wangu.

"Umejuaje?" Alikuwa mtu wa haki, alitaka ushahidi tu.

Nikampigia baba, nikaweka simu sauti ya juu, nikamwomba aseme Kiswahili ili mkuu asikie. "Aabo, huko kuna mawingu?"

"Mawingu gani? Hii ni fumbi! Mbuzi yangu mwenyewe sioni." Kisha akanigombeza. "Na wewe unauliza nini? Jina ya kwenu ni habaas weyn, fumbi kubwa. Umesoma mbaka umesahau?"

Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Nilitahayari, lakini kifua kilinijaa fahari. Doa likabaki, tangazo la vumbi likatoka redioni kwa Kisomali, na baba akamzuia mama ndani. Mama alinuna kutwa nzima, lakini alipumua vizuri.

Hadi leo, kompyuta ikiona wingu kwetu wakati wa upepo, pale ofisini wanapiga simu kwanza. Wanasema ni "kumuuliza Aabo". Wageni hudhani ni jina la mashine.

Sasa wewe unaanza kazi hiyo hiyo huko Garissa. Iheshimu mashine, inaona mbali kuliko sisi. Lakini usione haya kuiambia unatoka wapi. Majina ya kwetu yaliwekwa na watu waliolila vumbi lenyewe, basi yasome kabla hujafuta kitu. Ukiwa na shaka, piga simu nyumbani, hata kama utagombezwa.

Aabo hayupo tena. Simu ya nyumbani sasa naishika mimi, na kugombeza najua.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu ayatie macho yako nuru, na watu wetu wapumue salama wakijua anayewatazama kutoka juu ni mtoto wao. Amin.