Uzito wa Gunia

Siku tatu Chepchirchir alisota na mizani ya kituo cha majani chai karibu na Sotik. Programu aliyoiandika ilitakiwa kukata uzito wa gunia, lakini wapi! Kumbe shida ni kompaila, chombo kinachogeuza maandishi yake yaeleweke na mizani. Ile ya zamani, toleo la tano, ilijiita 500; hii mpya, toleo la sita, inajiita 6 tu. Programu ikaona 6 ni ndogo kuliko 500, ikadhani kompaila ni ya kale, ikaruka hesabu ya gunia, nalo likalipiwa kama majani chai.

“Upuzi mtupu!” Chepchirchir alifoka. “Wiki nzima mizani inakosea, na hakuna mkulima aliyesema?”

Mama Kiptum, wa kwanza kwenye foleni ya wakulima, akashusha mzigo wake polepole.

“Tulinyamaza, msichana wangu. Tulidhani safari hii kuna mtu ametuonea huruma.”