Kihenge cha Pili cha Kwaya

Kwenye kaunta ya fundi kompyuta, Iringa mjini, tukiwa kwenye foleni, mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Kalenga alileta laptop iliyojaa nyimbo.

"SSD yako ya kuhifadhia ni ndogo, mama. Tufute za zamani," fundi akashauri.

Mama akaifunika laptop kwa viganja. "Sisi Wahehe mahindi yakizidi kihenge hatumwagi. Tunajenga kihenge kingine."

Fundi akafungua mfuniko wa chini, akakuta sehemu ya kuongeza SSD ya pili, akachomeka mpya, akahamishia nyimbo humo, kisha akapiga wimbo mmoja kuijaribu. Alipotaka kuuzima, mama akainua kidole.

"Subiri ubeti uishe, mwanangu. Hiyo sauti ya besi ni ya marehemu mume wangu."

Foleni zetu kwa kawaida hulalamika. Hii ilisimama wima, na wawili wetu tulikuwa tumeshaanza kuitikia wimbo.