Supu ya Macho ya Chewa

Shemeji yangu Khalfani alikuwa na kazi ambayo watu wa Kunduchi waliicheka mbele yake: kutoa macho ya samaki. Mwaka tisini na tatu alikuwa ametimiza miaka kumi na moja kwenye maabara, akimkatia macho hayo Daktari Marselino, mtafiti mmoja mpole wa Songea. Alirudi nyumbani mikono inanuka formalini, ile ile dawa ya kuhifadhia maiti, na dada yangu Rukaiya anamwekea maji na ndimu mlangoni bila kusema neno. Ingekuwa mie, ningesema.

Shule aliishia darasa la saba, lakini mikono alikuwa nayo. Alipasua jicho la chewa, akatoa ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, retina, bila kuuchana hata kidogo. Siku moja daktari akamwita achungulie kwenye hadubini. Kwanza seli za fahamu za chewa mdogo, kisha za chewa mzee. Za mzee zilikuwa kubwa, matawi yake yametanuka mbali. "Samaki akiongezeka umri, jicho linakua naye," daktari akamwambia, "na seli hizi nazo zinakua." Basi wiki nzima hatukusikia habari nyingine pale nyumbani.

Wakati huohuo dada alikuwa ameanza kujigonga. Mara bega kwenye mlango, mara anapishana na majirani bila salamu, wakaanza kusema anaringa. Mbele anaona, pembeni giza. Nikasema, "Shemeji, mpeleke dada hospitali." Akanijibu, "Najat, mambo ya macho niachie mie." Nami nikamwachia! Wallahi najilaumu mpaka leo. Ningemshika dada mkono tu tukaondoka.

Akaanza kuleta vichwa vya chewa wakubwa, vibichi, kabla havijaguswa na dawa. Anachemsha mwenyewe, anatia ndimu na pilipili manga, halafu anakaa mkekani kumlisha dada macho yale kwa mkono wake. "Kula, Rukaiya. Huyu alikuwa mzee, seli zake kubwa." Akimaliza kumlisha ananyoosha vidole. "Vingapi?"

"Vitatu," dada anajibu, na Khalfani anafurahi mpaka anamwambia mwenye nyumba.

Ikaenda hivyo miezi minne. Mchana mmoja Khalfani yuko kazini, nikakaa mbele ya dada nikanyoosha kidole kimoja. "Vingapi, dada?"

"Vitatu."

Nikanyoosha mkono wote. "Vitatu," akasema tena, anatabasamu. Yule mwanamume alikuwa ananyoosha vitatu kila siku, wala hajawahi kubadilisha! Nikalia palepale. Dada akaniomba nisimwambie mumewe. Nikamwambia jioni ileile.

Hospitalini walimpima muda mrefu. Daktari wa macho akasema ni presho ya macho, imeua mshipa wa fahamu, macho yote mawili. Mngekuja miezi minne nyuma, akasema, tungelinda kile kilichokuwa kimebaki. Kilichokufa hakirudi.

"Lakini seli zinakua, daktari," Khalfani akasema. "Nimeziona mwenyewe."

"Seli za nani?"

"Za chewa."

Daktari hakucheka. Nilitamani acheke, nipate mtu wa kumgombeza. Akaandika dawa ya matone ya kushusha presho hiyo, akatuambia tumwelekeze dada polepole kwenye ngazi.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Khalfani alilia bila kujificha, watu wanapita wanamwangalia. Nilimchukia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikamchukia tena. "Rukaiya," akasema, "mbona uliniambia unaona?"

Dada akampapasa, akamkosa, akaupata mkono wake.

"Miaka yote hiyo ulikuwa unarudi, unakula, unanisimulia samaki, unalala," akamwambia. "Hii miezi minne ndiyo ulikaa ukaniangalia mie. Ningesema sioni, ungerudi kwa samaki wako."