Mguno wa Kidato cha Tatu B

Kuanzia muhula huu, alitangaza Mkuu wa Shule kwenye paredi ya Jumatatu, hakuna mwanafunzi atakayemwogopa mwalimu, wala mwalimu atakayemwogopa mwanafunzi. Hofu ni adui wa taaluma. Yeyote atakayebainika bado anaogopa atachukuliwa hatua kali. Wanafunzi wakapiga makofi kwa pamoja kama walivyofundishwa, na Mwalimu Mniko wa nidhamu, aliyesimama nyuma yao, akaibana fimbo kwapani ili naye apate kupiga.

Mwalimu Stellah Magige alipiga makofi kuliko wote. Alikuwa na kipindi cha kwanza, Jiografia, Kidato cha Tatu B, na Jumapili kanisani, tangu padri alipotaja Jumatatu, hakuwa amesikia neno jingine la mahubiri.

Shule hiyo iko Nyakato, Musoma, na Tatu B ni chumba cha mwisho kabla ya vyoo. Hawakuwa watoto wabaya. Wangekuwa wabaya ingekuwa nafuu, maana mtoto mbaya ana jina, na mwenye jina anaitwa ofisini. Hawa walikaa wima, madaftari wazi, mikono juu ya dawati. Tatizo lilianza Stellah alipogeukia ubao. Akishachora mistari miwili mitatu, nyuma yake ulianza mguno. Sauti ya chini, midomo imefungwa, kama nyuki waliomo ndani ya ukuta. Ulipanda taratibu mpaka ukaifunika sauti ya chaki. Akigeuka, kimya. Macho arobaini na zaidi yakimtazama kwa unyenyekevu wa watu wanaosubiri komunyo.

Alishajaribu kila walichofundishwa chuoni. Aliwapanga upya madawati. Aliwasifu. Aliwasimamisha wote kipindi kizima, akasimama nao, akaumia miguu yeye. Aliandika ubaoni akitembea kinyumenyume, hadi akaangukia ndoo ya taka. Fimbo hakuwahi kuishika, kwa sababu ambayo hakuisemaga kwa mtu.

Sababu ilikuwa marehemu baba yake, mzee Magige wa Butiama. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Alipokusudia kumchapa mtoto hakugomba. Aliinuka, akaanza kuguna kwa sauti moja ya chini huku akipapasa nyuma ya mlango ilipo fimbo. Watoto waliujua ule mguno kuliko walivyoijua sauti yake ya kawaida. Fimbo yenyewe ilikuwa na mwisho. Mguno, wewe mtoto uliyejibana nyuma ya ghala la mtama hukujua utakoma lini.

Na mguno wa Tatu B ulikuwa uleule. Si wa kufanana nao. Uleule.

Ndiyo maana Stellah hakuwa na shaka nani anauanzisha. Katika darasa lile, dawati la tatu karibu na dirisha, alikaa Magige, mtoto wa kaka yake Onesmo. Kijana huyo alizaliwa mzee akiwa ameshafariki. Alipokuwa mchanga alilia siku nyingi mfululizo, na wakubwa wakafanya kama ilivyo desturi: wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, wasikie atanyamazia lipi. Majina yakakaribia kuisha. Stellah, aliyekuwa likizo kutoka chuoni na hajalala, akasema kwa kuchoka, "Basi ni Magige." Mtoto akanyamaza palepale. Watu wakacheka kwa furaha. Tangu siku ile Stellah akawa na baba tena.

Baba hachapwi. Baba hafokewi. Onesmo alipomleta Musoma asome, akakaa kwa shangazi yake huko Kigera, ilibidi Stellah amwite kama alivyomwita mzee, aseme, "Tata, naomba uniletee maji ya kufulia," na jirani yao Recho alikuwa akiegemea ukuta kusikiliza. "Mwenzetu anafuga baba mwenye yunifomu," alisema. "Siku atakayopeleka matokeo mabaya, nani atamwitia nani mzazi?"

Kwa hiyo Mkuu wa Shule alipomwita Jumatano, akamwambia kwa upole kwamba Tatu B wanasikika hadi barabarani, na kwamba Ijumaa Mwalimu Mniko atakaa ndani ya kipindi chake amkamate kinara, Stellah alijibu, "Sawa, mkuu," na kushikilia kiti. Kinara, mkuu aliendelea, atachapwa mbele ya paredi, kisha atafukuzwa shule arudi kwao. Haya si mambo ya hofu, alifafanua. Ni mfano tu.

Mniko alikuwa mtu wa kanuni. Kanuni ilisema fimbo zisizidi nne, naye hakuwahi kuzidisha. Kuhesabu kwake tu ndiko kulikokuwa na mtindo wa peke yake.

Alhamisi jioni Stellah alipika ugali wa muhogo na sato mzima, kichwa akakielekeza upande wa kijana kama anavyostahili baba. Hakula. Alizunguka maneno mbali, habari za shule, habari za Onesmo, mpaka samaki akaisha upande mmoja.

"Tata," alisema mwisho, "kesho Mniko atakuwa darasani. Nakuomba, kwa heshima yako, usigune."

Kijana aliacha kula.

"Shangazi, sisi hatuanzi," alisema. "Unaanzaga wewe."

"Mimi?" Stellah aliuliza.

"Ukishika chaki unaguna. Hata hapa jikoni unagunaga. Mwanzoni wenzangu walifikiri ni dalili kwamba unataka kuchapa, kila mtu akawa anamgunia mwenzake chini chini amtahadharishe akae vizuri. Sasa wamezoea. Wakisikia mguno wako wanaingia."

Stellah alimwambia, kwa adabu aliyoweza kuikusanya, kwamba mzee Magige hakuwa na tabia ya kusema uongo. Kijana akajibu kwamba yeye hakumjua. Wakaishia hapo. Stellah akaosha vyombo akiwa amefunga mdomo, akajisikiliza, hakusikia kitu isipokuwa maji. Akajiambia ni uongo. Kisha akawaza mzee wa Butiama akipapasa nyuma ya mlango, na kama pengine naye hakujua kwamba anaguna, na kama pengine mzee yule naye alikuwa na kitu anachokiogopa. Wazo hilo lilimtisha kuliko Mniko, akalifukuza.

Ijumaa Mniko alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti alichokileta mwenyewe, fimbo mapajani. Mkuu alisimama nje ya dirisha akijifanya anakagua maua. Tatu B walikuwa wamegeuka rangi ya majivu. Stellah aliwasalimu, akageukia ubao, akaanza kuchora mlima wa volkano.

Alichora ubavu wa kushoto. Kimya. Alichora ubavu wa kulia. Hakuna mtoto aliyethubutu hata kupumua kwa pua. Alipofika kwenye kinywa cha mlima, mguno ukaanza.

Ulikuwa mwembamba, peke yake, haukuungwa na mtu. Stellah aliusikia ukipanda. Alijua fika kwamba kijana amekaidi, na kwamba yamekwisha. Nyuma yake kiti cha Mniko kilisogea. Mniko alikuwa na ufundi wake: hakuuliza maswali, alipita kwenye safu akimgusa kila mmoja kooni kwa vidole viwili. Koo linaloguna linatetemeka. Alipita safu ya kwanza, ya pili. Watoto walifumba macho. Mguno uliendelea.

Stellah aligeuza shingo, mkono bado ubaoni. Mniko amefika dirishani. Vidole viwili viko kwenye koo la Magige, na koo la Magige lilikuwa linapanda na kushuka, kwa kuwa mtoto yeyote mwenye vidole vya Mniko kooni humeza mate. "Nimekupata," alisema Mniko.

Kijana hakujitetea. Alimtazama shangazi yake tu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na wa kila mtu ulikuwa umefungwa, na sauti bado ilikuwa inasikika. Stellah aliinua mkono wenye chaki akajigusa kooni.

"Mwalimu Mniko, mwache," alisema, na mguno ukakatika. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, madamu?"

"Ninayeguna."

Mniko aliitazama fimbo yake kama mtu aliyepewa swali lisilokuwemo kwenye silabasi. Kutoka dawati la mbele kijana mmoja aitwaye Prosper, ambaye alijulikana kwa kuuliza pasipohitajika, aliuliza polepole, "Sasa madamu atachapwa na nani?" Mniko aliondoa vidole, akachukua kiti chake, akatoka. Mkuu alibaki na maua kwa muda.

Baadaye ofisini Stellah alieleza kwamba ana shida ya koo. Mkuu alifarijika waziwazi. Koo ni la hospitali, si la shule. Alimshauri anywe maji ya uvuguvugu, na Jumatatu akatangaza paredini kwamba chanzo kimebainika na kushughulikiwa, na kwamba katika shule hii hofu imekwisha rasmi. Makofi yalipigwa.

Tatu B wametulia. Magige amehamishiwa dawati la mbele, na yeye na shangazi yake wamekubaliana jambo dogo: akimsikia ameanza, akohoe, naye Stellah atanyamaza. Utaratibu unafanya kazi vizuri.

Recho peke yake ndiye mwenye wasiwasi. Amemshauri Stellah ampeleke yule kijana akapimwe kifua, kwa sababu anamsikia ng'ambo ya ukuta akikohoa nyumbani pia, hata Jumapili, hata wakiwa mezani wawili tu wanakula.