Magari Yaliyomshinda Mama

Mimi si mtu wa magari. Nafundisha Nakuru, nyumba yangu iko hatua chache kutoka shuleni, na gari langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo. Ila nikija Mombasa hukodi, kwa sababu mama yangu anakaa Bofu, ng'ambo ya kivuko cha feri, ndugu zetu wametapakaa hadi Kisauni na Changamwe, na mimi kungoja sikuwezi. Kwa hiyo nimeendesha magari mengi ya watu. Moja lilinuka samaki wa kukaanga hata nikifungua madirisha yote. Jingine lilivutia kushoto daima, nikafika kila mahali bega la kulia likiniuma. Jingine liliniambia maneno ya Kijapani kila nilipoliwasha, kwa sauti ya bibi mpole, nami nikajikuta namjibu.

Mwaka huu, lakini, niliacha kuangalia rangi, redio na hata magurudumu. Niliangalia kiti cha mbele tu, kwa ajili ya nyonga ya mama.

Mama aliteleza bafuni mwaka jana. Mfupa uliunga, ndugu wakajua amepona, lakini nyonga ya kulia haikurudi kama ilivyokuwa. Ndani ya nyumba hutembea na mkongojo wake, hupika, huswali juu ya kiti. Kilichomshinda ni kuingia garini, na hilo hakutaka mtu alijue. Mama amelelewa kwamba mwanamke mzima huingia na kutoka nyumba za watu kwa miguu yake. Siku niliposema tuwaite majirani wamnyanyue, alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Mimi si gunia la mchele," alisema.

Mwishoni mwa mwaka huo shemeji yake akafariki, mume wa mdogo wake wa mwisho, anayekaa Utange. Walizika siku ile ile. Mimi nilifika kesho yake, nikashuka kwenye treni, nikachukua Changamwe gari la kwanza nililopewa: jitu refu la kupandia milima, zuri, jeusi, la kiburi. Nilipita barabara ya Dongo Kundu nikijiona mtu. Mama alikuwa tayari mlangoni, buibui limenyooshwa, udi umefukizwa. Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, akashika mpini, akajivuta. Hakuenda popote. Akajaribu tena. Majirani waliokuwa barazani wakaanza kuzungumza kwa bidii juu ya bei ya nazi ili wasionekane wanatazama.

"Nimesahau kitu ndani," mama akasema, akarudi. Nilipomfuata nilimkuta amevua buibui.

"Mwambie mdogo wangu nina homa."

"Mama, tumwambie kweli."

"Nikimwambia ataleta wanawe waje wanibebe mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Mwambie homa. Na uniapie."

Nikaapa, kwa hasira, kisha nikaenda peke yangu. Mama mdogo alikuwa ameshaanza eda, miezi minne na siku kumi ambazo mjane wa kwetu haondoki nyumbani kwake. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akatazama nyuma yangu.

"Dada yuko wapi?"

"Ana homa, mama mdogo."

"Mwambie nimesikia," akasema, na tangu siku hiyo hakupokea simu ya mama. Binti yake ndiye aliyepokea, kila mara akisema mamake anasoma Qurani. Mama alikuwa akipiga baada ya alasiri, kila siku, na kila siku alirudisha simu mezani taratibu, kana kwamba mezani pamelala mtoto. Hawa ni ndugu waliolala kitanda kimoja mpaka mmoja alipoolewa. Mmoja haruhusiwi kutoka, mwingine hawezi kwenda, na katikati yao niko mimi na uongo wangu.

Nilirudi shule zilipofungwa kwa mapumziko mafupi ya Februari. Safari hii nilijiona mjanja, nikakodi kigari kidogo cha chini, kile cha Kijapani chenye bibi wa kusalimia. Mama aliingia bila taabu. Alijiachia tu, kiti kikampokea. Nikawasha, yule bibi akasema yake.

"Asemaje?"

"Sijui. Labda anatuombea dua."

"Amin," mama akasema.

Kwanza tukazunguka Bofu kujaribu. Namshukuru Mungu tulianzia hapo, maana kuingia kulikuwa rahisi, kutoka hakukuwezekana. Kiti kilikuwa chini mno. Nyonga haikuwa na pa kusukumia. Tulikaa mbele ya mlango wetu, jua kali, yeye akijaribu, mimi nikizunguka gari kama kuku, mpaka majirani wawili wakamshika makwapani na kumtoa. Waliacha hata kujifanya hawaoni. Mama hakusema nami mpaka magharibi, na hakuniacha niende Utange peke yangu. "Utasema nini huko," aliuliza, "kwamba homa haijashuka?"

Likizo ya Aprili nilifika zimebaki siku tano eda iishe. Watu wangu wa bara huniuliza, si shangazi yenu atatoka tu, mtakutana? Kwanza ni mama mdogo. Pili, dada asiyekanyaga nyumba ya mdogo wake aliye edani, wala siku ya mazishi wala baadaye, kwetu hana tena uso wa kwenda kwenye harusi wala msiba wa nyumba ile. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amekonda. Aliniambia jambo moja tu: "Ikipita eda sijaenda, nimempoteza."

Asubuhi hiyo nilikaa chumbani kwake nikimwangalia anavyoamka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaegemea mkongojo, akasimama. Hakuguna. Hakushika ukuta. Nikajiona mjinga wa miezi minne. Mama alipotoka kwenda kutawadha nikachukua kipande cha uzi, nikapima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, nikafunga fundo.

Nikaingia na uzi wangu kwa wakodishaji. Changamwe kijana mmoja wa bara alifungua boneti kwa fahari.

"Hii mashini iko poa, madam. Cheki."

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye mlango wa abiria nashusha uzi.

"Injini huangalii?"

"Injini haikaliwi."

Alisogea mbali nami kidogo baada ya hapo. Basi dogo la mlango wa kusukuma lilizidi fundo kwa kiganja kizima. Magari mawili madogo ya saluni yalipungua. Nilivuka hadi Kisauni, nikapima mbele ya watu waliodhani natafuta pembe za kuweka kafara, na nilipofika Mishomoroni nilikuwa na kiu, nimekasirika, nimekwisha. Mzee mwenye magari alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

"Wamtakia mamako?" akauliza.

"Naam."

"Basi hayo ya mbele yaache, mwanangu. Njoo huku nyuma."

Huko nyuma palikuwa na Probox jeupe, aina ya gari ambalo kwetu hubeba mayai na miraa. Madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Kiti kimepasuka, kikashonwa kwa uzi wa kijani. Nikashusha uzi wangu, na fundo likagusa ukingo wa kiti sawasawa. Sijawahi kulipenda gari, lakini lile nililipapasa paa.

Mama alilizunguka mara moja. "Nyumba nzima ya babu yako haijapanda kitu hiki," akasema. Kisha akageuka, akaketi kama anavyoketi kitandani, akaingiza mguu wa kushoto, akauinua wa kulia kwa mkono, akafunga mlango mwenyewe. Nikashusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu mwaka uliopita.

Kivukoni sikutaka kumweka kwenye foleni na jua, hivyo tukazunguka Dongo Kundu, tukatokea Miritini, tukapita Changamwe na daraja la Nyali. Gari lile halina raha hata chembe. Kila tuta tulilisikia kwenye meno. Mama hakulalamika hata mara moja. Alizungusha dirisha, akatazama ghorofa mpya, akauliza ni za nani, akasema rangi zake mbaya. Kwa miezi minne sikuwa nimemsikia akikosoa majumba ya watu. Niliendesha nikicheka.

Utange nilisimamisha gari nje ya geti, kwa sababu uani kulikuwa na mchanga. Akateremka mwenyewe. Nikataka kumshika mkono, akautoa. Mama mdogo alikuwa amesikia mlango wa gari, akaja mpaka kizingitini, akaishia hapo, maana hakuruhusiwa kuvuka. Uso wake alikuwa ameukaza. Mama akaanza kutembea. Ule mguu wa kulia aliuburura mchangani, akasimama, akapumua, akaenda tena, mkongojo ukizama na kuchomoka. Mama mdogo aliutazama ule mguu. Alitazama mkongojo. Alitazama njia yote kutoka getini, na nikaona mkono wake unashika fremu ya mlango.

Mama akafika. Hakuna aliyeamkia.

"Dada," mama mdogo akasema, "kumbe ni mguu?"

"Ni mguu."

Akamvuta ndani kwa mikono miwili, akamlaza kichwa begani, akilia na kucheka, na mama naye, yule asiyetaka kushikwa na mtu, akajiachia akashikwa.

"Miezi yote hii, wallahi," mama mdogo alikuwa akisema, "mimi nilidhani ni moyo."