Sahihi Niliyoweka Siku ya Umeme

Admin, ficha jina langu, Eldoret ni ndogo. Nina miaka thelathini na mbili, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Mdogo ana miaka mitatu na ananiita anti.

Nilipomzaa nilishikwa na huzuni mbaya, nikaacha kula na kuongea. Dawa zilishindwa. Daktari akashauri nitibiwe kwa umeme wa kichwani. Si kama mnavyoona kwenye sinema: unapewa dawa ya usingizi, unaamka kichwa kinauma. Nilifanyiwa mara nane na sitautukana, uliniponya. Ila ulinifutia kumbukumbu ya majuma yale, na daktari alikuwa ametuonya.

Nilipopata nafuu nikauliza mtoto yuko wapi. Mume wangu akasema yuko Burnt Forest kwa dada yake, ambaye hajajaliwa kuzaa. Nikafunga safari kumchukua. Wifi yangu hata hakuniambia niketi.

"Si wewe mwenyewe ulisema nikae na yeye kabisa? Ata ulisign."

Kwao kila mkutano wa familia huandikwa kwenye daftari, na shemeji yangu mwalimu ndiye katibu. Akaitwa, akalileta. "Mama mtoto amekubali mtoto awe wa shangazi yake moja kwa moja." Chini yake, tarehe na sahihi yangu. Ni yangu kweli. Nilirudi nyumbani nikilia, nikijiuliza mimi ni mama wa aina gani. Miaka miwili nimejilaumu hivyo.

Mwezi uliopita nikipanga makaratasi nikapata kadi yangu ya hospitali. Tarehe ya mkutano ule ndiyo tarehe ya umeme wa tano. Asubuhi nilitiwa umeme, alasiri wakanipa kalamu. Na ni mume wangu huyu aliyewahi kunisimulia akicheka, kwamba siku za umeme nilikuwa namuuliza jina lake.

Nilipomwonyesha kadi akasema, "Wacha kuchimba mambo, utagonjeka tena."

Na kweli naugua tena. Silali, chakula hakipiti. Daktari anataka turudie umeme mapema, na najua utanisaidia. Lakini wa kunisindikiza na kukaa nami nikiamka ni mume huyohuyo, na nimebaki na mtoto mmoja. Nikikataa, watasema mgonjwa hawezi kudai mtoto.

Nishaurini jamani, hasa mliowahi kutibiwa hivi. Nikubali? Na nikikubali, nani atawanyang'anya kalamu mpaka nikumbuke jina la mume wangu?